Masomo ya Kumtania Kambo Tamar

Kamina, 14 Septemba 1953

Kambo Tamar,

Kabla ya salamu nataka kukuambia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, kwa sababu nikianza na salamu nitajificha ndani yake mpaka karatasi iishe. Siku tulipomzika Kambo Ngoyi, babu yangu na mume wako, miaka miwili iliyopita, sikuwa na homa. Nilisikia wajukuu wakiitwa kaburini wamtanie marehemu, kama desturi yetu inavyotaka. Jina langu liliitwa mara tatu, maana mimi ndiye niliyepewa jina lake na ilikuwa lazima nianze mimi. Nikaingia ndani ya banda la kukaushia samaki, nikajifunika wavu, nikakaa humo mpaka nyimbo zikaisha. Baadaye Shangazi Salomé alinigusa paji la uso akasema nina homa, nami nikakubali. Lile joto lilikuwa la moto wa samaki.

Sijui kumtania mtu, Kambo. Wenzangu wakicheka, mimi huangalia midomo yao ili nijue wakati wa kunyamaza.

Sasa salamu. Sisi hapa Kamina tu wazima. Baba bado ni karani kwenye stesheni, na amepata baiskeli, lakini haipandi. Anaisukuma kwa mkono mpaka kanisani ili watu waione ikiwa haina vumbi. Mama anakusalimu sana. Yule kuku mwenye mguu mmoja bado yuko, na sasa anawapiga wengine. Shuleni nimekuwa wa pili. Wa kwanza ni Muteba.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu mmoja wa bato, ile meli ya ziwani, alimwambia Baba kwamba ulishuka Bukama kuonana na munganga wa hospitali. Hakujua kwa nini. Kwa siku mbili Baba akawa anafuta baiskeli tu. Munganga alisema nini? Ninakuombea mara tatu kwa siku, na tangu Jumatatu iliyopita nimeacha kula karanga, ambazo unajua ninavyozipenda, ili Mungu aone kwamba sifanyi mchezo.

Mjukuu wako anayekuheshimu,
Isaïe Ngoyi


Kinkondja, 11 Oktoba 1953

Kwa Isaïe Ngoyi, mume yangu mudogo,

Minyi Tamar njo ninasema, katekista Timothée Kapenda njo anaandika. Nilimwambia aandike kila neno sawa ninavyosema, asitengeneze kitu. Mukono yangu imechoka kuandika, lakini kusoma ningali ninasoma, polepole, na kidole. Akiiba neno nitamukamata.

(Mimi Timothée sijawahi kuiba neno la mtu. Naliandika hili ili lijulikane.)

Hapa bantu wote beko muzuri. Samaki iko mingi, jua ya kuikausha iko kidogo. Mbuzi ya jirani yangu Mwila iliingia mu kanisa siku ya Mungu, ikakula maua ya meza. Timothée aliifukuza na mukono moja huku anaendelea kuomba, macho imefungwa.

(Jicho moja lilikuwa wazi.)

Sasa ile neno ya banda. Isaïe, tulijua wote. Miguu yako ilibakia inje. Tulipita pale na sanduku ya marehemu, bantu makumi nane, na kila muntu aliona miguu mbili ya mutoto inatoka chini ya wavu. Salomé alisema homa juu usipate haya. Na juma nzima ulikuwa unanuka sawa muzigo ya soko.

Lakini kitu kilichoniumiza ni hiki. Kambo yako Ngoyi aliua mamba na mukuki, aliogopwa mu ziwa yote, lakini yeye mwenyewe aliogopa chura. Chura moja ikiingia mu nyumba, anapanda juu ya kitanda, ananiita minyi. Kinkondja nzima inajua. Pa kaburi muntu mwenye ruhusa ya kuisema alikuwa weye, paka weye tu, mwenye jina yake. Ukabakia mu banda. Basi muzee ya bantu alienda mbinguni na heshima yote juu yake, hakuna muntu alimupunguzia muzigo.

Habari ya munganga: mikono yake iko baridi. Alinipatia vidonge nyeupe. Iko mugeni moja mu titi yangu ya kushoto, amekaa tangu mwaka jana, hakuomba ruhusa. Ni ile tu.

(Munganga alisema ni kansa, na kwamba imekwisha kupita mahali pa kisu.)

(Maneno hayo niliyoyaandika hapo juu nimeamriwa niyafute. Nimeyapiga mstari mmoja. Hakusema mstari uwe mnene kiasi gani.)

Njo maana ninakuambia mapema. Minyi sitaki kwenda sawa Ngoyi. Siku yangu ikifika, weye utanitania: mutembeo yangu, sauti yangu, pua yangu, yote. Anza kujifunza.

(Nilimkumbusha kwamba kanisa letu hapa limekataza desturi hiyo tangu mwaka jana, na kwamba aliyeitangaza marufuku ni mimi. Alisema: Andika tu.)

Minyi muke yako,
Tamar


Kamina, 8 Novemba 1953

Kambo Tamar,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Mvua ya kwanza imenyesha na Baba ameiingiza baiskeli chumbani, kwa hiyo mimi ninalala sebuleni. Mama ameshona pazia. Kuku yuko.

Katekista ana mwandiko mzuri sana, hata katika maneno yaliyofutwa. Sitayarudia hapa.

Kuhusu habari ya miguu yangu, niliposoma mahali hapo nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo kwa muda. Kumbe hata Mwila aliona.

Nimefikiri sana juu ya ombi lako na jibu langu ni hapana, kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba hutakufa. Kila Ijumaa sili chumvi pia, na nimemwahidi Mungu kwamba akikuponya nitakuwa mchungaji, ingawa nikisimama mbele ya watu magoti yangu hugongana. Ya pili, nimetafuta katika Neno la Mungu mahali ambapo watu walicheka kwenye kilio. Nimepata nyumba ya yule msichana aliyekufa. Watu walimcheka Yesu, naye akawatoa wote nje. Nadhani jambo hili liko wazi. Ya tatu, siwezi.

Lakini ili usifikiri kwamba nimekuacha, nimeanza kuandika hotuba. Si kwa ajili ya kifo. Ni kwa ajili ya siku yoyote tu. Ina sehemu saba. Ya pili ni ubatizo wako, ya tatu ni upole wako, ya nne ni ukarimu wako kwa wageni. Ikikamilika itakuwa kurasa kumi na moja; kwa sasa nakutumia muhtasari wa sehemu zote saba.

Mjukuu wako,
Isaïe


Kinkondja, 2 Desemba 1953

Kwa mume yangu mudogo, muoga wa banda,

Asanti kwa barua. Salomé amezaa mutoto mwanamuke, bamemupatia jina yangu. Analia tangu asubui, basi jina imemukaa. Mayi ya ziwa imepanda mpaka ku mulango ya Mwila, kambale moja ikaingia yenyewe mu jiko yake. Amesimama mu kanisa kutoa ushuhuda juu ya ile kambale.

(Kwa dakika arobaini.)

Timothée alinisomea hotuba yako, sehemu zake saba. Bamama ya kanisa walikuwa pale. Alipofika ku upole yangu, batatu wakaanza kukohoa. Ku ukarimu, Mwila akatoka inje. Mutoto yangu, ile muntu unaandika ni nani? Nikifika mbele ya Mungu na ile karatasi atasema: haiko huyu, huyu simujui, mutafute Tamar.

Somo ya kwanza njo hii. Minyi ninatembea sawa bata amekalia mwiba. Mu kanisa ninaanza wimbo mbele ya bengine na ninamaliza kiisha bengine wamekaa. Mugeni akikuja, kichwa ya samaki ninaificha chini ya sahani mpaka aende. Mu mahubiri ya Timothée ninalala.

(Sikujua jambo hili. Alikuwa akitikisa kichwa. Nilidhani anakubali.)

Bantu wote banajua hii mambo. Weye uiseme tu, kwa sauti, na unipende ukiwa unaisema. Utani ni ile.

Na juu ya ile nyumba ya musichana, umesoma mingi lakini umesoma vibaya. Bale bantu banamucheka Yesu. Minyi sitaki umucheke Yesu, ninataka ucheke pamoja naye. Angalia vizuri. Anafika mu kilio, bantu banalia, bapiga-filimbi beko pale, na yeye anasema mutoto amelala tu. Ile ni utani, Isaïe. Tena ilikuwa kweli. Akaingia, akamushika mukono, akamusimamisha. Kiisha akasema mutoto apewe chakula. Ule anajua kilio.

(Nimehubiri miaka kumi na tisa na sijawahi kusikia maelezo haya. Nitayafikiria.)

Sasa nitumie tusi moja, ku bato ya kwanza ya mwaka mupya. Ikiwa nzuri nitakuambia.

Tamar


Kamina, 10 Januari 1954

Kambo Tamar,

Heri ya mwaka mpya. Karibu kwa Tamar mdogo. Sisi tu wazima. Baba alipanda baiskeli siku ya Krismasi, akafika mpaka kwenye mti wa kona, na tangu siku hiyo anachechemea na kuisukuma tena.

Tusi langu ni hili. Kambo, kwa heshima zote, na kama ukiniruhusu, pua yako si ndogo.

Samahani sana. Niliiandika mara nne, na mara tatu niliifuta.

Lazima nikueleze kilichonipata. Nilitaka kujizoeza, nikaandika katika karatasi yale uliyonifundisha: kwamba anatembea kama bata aliyekalia mwiba, anaanza wimbo kabla ya wengine, na hulala wakati wa mahubiri. Sikuandika jina, maana nilijua ni nani. Karatasi ikaanguka darasani, Bwana Direkta, mwalimu wetu mkuu, akaiokota. Mimi nilikuwa sijawahi kuangalia Bwana Direkta anavyotembea, kwa sababu akipita mimi huangalia chini. Wenzangu wote walikuwa wameangalia. Aliisoma kwa sauti kubwa, polepole, kisha akatembea kurudi mezani kwake, na hapo ndipo Muteba alipoanguka kutoka kwenye benchi.

"Ngoyi," akasema, "bata huyu ni nani?"

"Ni kambo yangu, Bwana Direkta. Ni mgonjwa."

"Bibi yako ni mgonjwa, nawe unamwandikia hivi?"

"Yeye ndiye aliyeniagiza, Bwana Direkta."

Akasema kwamba alikuwa tayari kunisamehe kama ningemtukana yeye, lakini kumtukana bibi mgonjwa na kumsingizia juu yake ni jambo ambalo hajaliona tangu aanze kazi. Nimelima shamba la muhogo la shule wiki mbili. Wenzangu sasa wananisalimu, jambo ambalo ni jipya, na sijui niwajibu nini.

Je, mgeni bado amekaa? Amesema ataondoka lini?

Isaïe


Kinkondja, 7 Februari 1954

Kwa Isaïe, mulimaji wa muhogo,

Tuko muzuri. Tamar mudogo ameota jino moja mbele ya wakati, na amemuuma Timothée siku ya ubatizo.

(Kidole cha shahada.)

Pua yangu niliipata kwa mama yangu, na yeye kwa mama yake. Kwa neno moja umetukana bibi batatu, na bawili bao bamekufwa na hawawezi kujibu. Ile ni muzuri. Lakini "kwa heshima zote" uitoe, inaharibu. Na "si ndogo" ni maneno ya muntu mwenye anapima shamba ya jirani.

Timothée alisomea bamama habari ya Direkta. Mwila alicheka mpaka bakamupatia mayi. Minyi nilicheka vilevile, upande wa kuume.

Mugeni iko. Tuache habari yake.

Tamar


(Karatasi ndogo, ndani ya bahasha ileile)

Kwa kijana Isaïe Ngoyi,

Hili naliandika nyumbani kwangu na kambo yako hajui. Hawezi tena kuinua mkono wa kushoto. Hajaenda kanisani tangu mwanzo wa mwaka. Siku ya Mungu tunaimba karibu na dirisha lake, naye anaanza kabla yetu. Anakula uji, vijiko viwili. Vidonge vyeupe vimekwisha, na munganga amesema ataleta vingine. Usingoje likizo kubwa. Njoo Pasaka.

Jambo lingine. Mke wangu Lucienne alikufa miaka minne iliyopita. Wajukuu walifika mlangoni wamevaa nguo zake, mmoja amebeba mwiko wake, tayari kwa utani. Niliwarudisha nyumbani, kwa kuwa mimi ni katekista na watu walikuwa wakiniangalia. Mazishi yalikuwa na utaratibu mzuri. Tangu siku ile nyumba yangu imenyamaza. Sijaomba ruhusa kwa mtu yeyote, lakini ile marufuku sitaitangaza tena.

Timothée Kapenda, katekista


Kamina, 28 Februari 1954

Kambo Tamar,

Baba na Mama ni wazima. Kuku amekufa. Salamu zimeisha.

Nimejua. Usiulize nimejuaje.

Nimekuombea tangu Septemba, asubuhi, mchana na jioni. Sijala karanga miezi mitano. Muteba huzitafuna mbele yangu, anazimenya moja moja. Nimeacha chumvi. Nimeahidi kuwa mchungaji, mimi, ambaye nikiagizwa kusoma tangazo ninasoma kwa sauti ambayo mimi mwenyewe siisikii. Na Mungu hajafanya chochote. Wiki hii sikuomba. Karanga bado sili, lakini sasa sili kwa hasira.

Na wewe. Unaniandikia habari za mbuzi, na kambale, na jino la mtoto, na ukifika kwenye jambo lenyewe unasema tuache. Wewe ni mzee mwongo, Kambo. Umeificha kansa kama unavyoficha kichwa cha samaki chini ya sahani, ukidhani mgeni hatasikia harufu. Miguu yako iko nje. Watu wa Kinkondja wote wanapita wanaiona, hata mimi ninaiona kutoka Kamina, na wewe umelala humo chini ya wavu unasema una homa.

Sitaisoma tena barua hii kabla ya kuituma, kwa sababu nikiisoma nitaichana.

Isaïe


Kinkondja, 21 Machi 1954

Kwa mume yangu,

Ile njo utani.

Timothée alisoma mpaka pa miguu, akasimama. Alifikiri nimekasirika. Nilicheka pande zote mbili, iliniuma sana, nikamwambia arudilie. Amerudilia mara tatu. Mwila ameijua kwa kichwa na anaisema ku soko.

Sasa nitakujibu bila mbuzi.

Minyi vilevile niliomba Mungu atoe mugeni. Niliomba sana, siku zingine na hasira kupita yako. Hakumutoa. Sijui juu ya nini, na Timothée hajui, alijaribu kunielezea nikalala.

(Safari hii niliona.)

Lakini asubui Salomé akinigeuza pa kitanda, na ninapiga kelele, kuna Muntu mwingine amekaa pa kiti ya Ngoyi. Hasemi kitu. Haendi. Weye unanijua, minyi ni muoga sawa weye, miguu yangu ingekuwa mu banda tangu zamani. Na sasa siogopi. Hii siiwezi kueleza, ninakupatia tu sawa nilivyoipata. Atanishika mukono sawa ule musichana. Ikiwa mbele ya kaburi ao kiisha kaburi, ile ni kazi yake.

Ninakufwa na kansa, Isaïe. Timothée, andika vizuri, na usipige mustari.

(Sikupiga.)

Kuja Pasaka. Ukinikuta, utanisemea ku masikio. Usiponikuta, useme vilevile, lakini paza sauti, kutakuwa udongo katikati yetu. Na Salomé amelima karanga. Nilimwambia akuwekee.

Muke yako,
Tamar


Kinkondja, 20 Aprili 1954

Kambo Tamar,

Salamu kutoka kwa wote. Baba alikuja pamoja nami. Baiskeli aliiacha Kamina, na njiani alisema mara mbili tu kwamba huenda mvua inanyesha juu yake. Shangazi Salomé ni mzima. Tamar mdogo sasa ana meno mawili. Mbuzi wa Mwila yuko kanisani ninapoandika, na hakuna anayemtoa.

Ninakuandikia kwa sababu tumezoea, na kwa sababu wakati ule mbele ya watu nilisahau mambo mengine.

Tulifika Bukama kwa treni siku ya Jumatatu. Bato ilichelewa siku nzima kwa sababu ya mafunjo yaliyoziba njia ya ziwa, wanaume wakashuka kuyakata kwa panga, nami nikashuka nikakata pia, vibaya. Tulipofika siku ya Jumatano mchana, Shangazi alikuwa amesimama kwenye maji mpaka magotini. Baba akavua kofia. Ulikuwa umeondoka Jumanne asubuhi, alipokuwa akikugeuza. Anasema uliangalia kile kiti.

Watu walitaka kuzika mapema kwa ajili ya joto. Katekista Timothée aliwakatalia. Alisema alipewa maagizo kwa mdomo na anayo kwa maandishi pia, na kwamba hakuna udongo utakaoanguka kabla ya bato.

Hotuba yangu ya kurasa kumi na moja ilikuwa mfukoni. Tulipofika kaburini nilitafuta banda kwa macho, nikaliona, na mlango wake ulikuwa wazi. Katekista akaliita jina langu mara moja. Shangazi akanipa kitambaa chako cha kichwa, kile cha manjano. Nikakivaa. Hakuna aliyecheka. Nikaanza kutembea kama wewe kuzunguka kaburi, na magoti yangu yalikuwa yakigongana, kwa hiyo nilifanana na yule bata kuliko nilivyokusudia. Nikamsikia Mwila akipiga chafya, nikadhani ni chafya, lakini haikuwa chafya.

Kisha nikaanza wimbo kabla ya wengine. Niliuanza mapema sana, watu hawakujua ni wimbo gani, nikaumaliza peke yangu. Nikasema kwa sauti: "Kambo Tamar, mzee mwongo, leo umelala chini ya wavu mkubwa, na miguu yako tunaiona." Bamama wa kanisa wakaimalizia barua yangu kwa pamoja, maana Mwila alikuwa amewafundisha wote, neno kwa neno, mpaka kwenye homa. Nikasema habari ya kichwa cha samaki. Nikasema kwamba malaika wahesabu sahani zao. Nikasema pua yako imefika mbinguni jana, na wewe mwenyewe umefika leo. Hiyo sikuwa nimeiandaa, Kambo. Ilikuja yenyewe.

Walicheka. Baba alicheka akiwa ameufunika uso kwa kofia, mabega yakimtetemeka, halafu hakuwa anacheka tena, halafu alikuwa anacheka. Mimi sikuangalia midomo ya mtu.

Katekista aliinua mkono ili tunyamaze, nikafikiri ataomba. Akasema: "Lucienne wangu alipika mboga ya sombe yenye mchanga kwa miaka thelathini na mmoja. Niliimeza yote. Na leo ningeimeza tena." Wajukuu wake wakaanza kupiga kelele kwa furaha, na mmoja akakimbia nyumbani kuleta mwiko. Baada ya hapo ndipo alipoomba. Macho yote mawili aliyafunga, niliangalia. Aliomba kwamba Bwana akushike mkono na kukusimamisha, kisha tukatupa udongo, mimi wa kwanza.

Siku ya Pasaka tuliimba tulivyozoea. Mahali pako mtu alianza mapema. Alikuwa Mwila.

Bado sijui kwa nini Mungu hakumtoa mgeni. Nimeanza tena kuomba, mara moja kwa siku, bila kumwahidi kitu. Hotuba sikuisoma. Niliitumia kuwashia moto wa samaki, isipokuwa ukurasa wa ubatizo, ambao ulikuwa kweli.

Leo asubuhi, kabla ya bato, Shangazi alinipa karanga ulizoniwekea. Zilikuwa za kuchemsha, zimefungwa katika jani. Nilizichukua nikaenda makaburini peke yangu. Kwako sikusimama, tulikuwa tumekwisha kuonana. Nilisimama kwa Kambo Ngoyi, upande wa kulia, nikavua kofia, nikamwambia kwa sauti kubwa habari ya chura, yote, pamoja na kitanda. Kisha nikakaa chini katikati yenu nikala karanga.